Nilisema Kikombe cha Nne Kina Moshi

Mursik siwezi tena. Hata mtu akiimimina upande wa pili wa meza, natoka nje. Mimi, mzaliwa wa Chebunyo, niliyelelewa kwa maziwa hayo ya kibuyu na makaa tangu sijaota meno! Hivyo ndivyo mume wangu alivyonifanya, na leo nitawaambia alivyofanya. Kisha nitawaambia nilichofanya mimi, ambacho kinanuka zaidi.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo tu, jina langu ni Edinah. Kwa miaka tisa nimekuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani chai karibu na Kimulot. Wakulima wanaleta magunia, napima, naandika, lori linapeleka kiwandani. Miaka miwili iliyopita niliapa kwamba sitazeekea kwenye mizani. Nikajiunga na masomo ya Jumamosi mjini Kericho, diploma ya utengenezaji wa chai. Nilisoma na mtoto mgongoni. Nikafaulu.

Kiwanda kikatangaza nafasi ya msimamizi wa zamu. Tuliomba watu kumi na wanne, tukachujwa tukabaki wawili: mimi na kijana mmoja anayeitwa Vinny, mwenye digrii na viatu vya ncha.

Wiki jana niliwaacha Alhamisi jioni, mahojiano yakiwa kesho yake. Bethwel, mume wangu, ambaye kazi yake ni kulisha kuni boila ya kiwanda hicho hicho, alikuwa amepiga viatu vyangu polishi mpaka vikang'aa. Kisha akabeba ovaroli yake akaenda zamu ya usiku. Wengi mlituma ujumbe mkisema nimepata mume. Mimi pia nilisema hivyo. Tulikuwa wajinga pamoja.

Kuna mtu sijawatambulisha. Mzee Owino ni mwenzake Bethwel pale boila, na watu wanamwona ni mzee wa kuni tu. Lakini alipokuja kiwandani akiwa kijana kutoka upande wa ziwa, aliwekwa kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea chai. Miaka kumi na mmoja aliosha vikombe, na kila kimoja alikionja kabla ya kukiosha. Hana cheti hata cha darasa la nane, kwa hivyo kila nafasi ya kuonja ilipotokea ilipewa mtu mwingine. Mwishowe walimpeleka kwenye kuni.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kuonja. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja jikoni kwangu na vijipakiti vya chai, akapanga vikombe mezani. Chuoni tulionja mara mbili tu kwa miaka miwili, tena tukiwa watu thelathini kwa birika moja.

"Vuta kwa kelele, nyathina," aliniambia. Kwa lugha yake ni kusema mwanangu. "Usione haya. Bila kelele haifiki nyuma ya ulimi."

Nikavuta.

"Sasa tema. Iko na nini?"

"Imekaa kwa moto sana?"

"Haya! Umeshika hiyo."

Bethwel naye alikuwa hapo hapo. Yeye alikuwa ananiuliza maswali ya mahojiano kutoka kwenye simu, amekunja nne, anajifanya meneja. "Tuambie udhaifu wako ni gani, madam." Tulicheka sana jikoni mle.

Jumapili ya mwisho Mzee Owino alinipa sharti moja. "Siku ya kuonja, asubuhi ni maji tupu. Kitunguu hapana. Dawa ya meno hapana. Na nyinyi watu wa huku, mursik hapana kabisa! Ile makaa ya kibuyu na mafuta ya maziwa inalala kwa ulimi. Ukionja chai juu yake, kila kikombe itakuambia moshi."

"Basi bibi yangu atakufa njaa," Bethwel akasema, akacheka.

Alisikia kila neno.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa nimevaa, nimekunywa maji, nimepanga vyeti kwenye bahasha. Mlango ukafunguliwa. Bethwel aliingia, na nyuma yake mama yake, amekumbatia kibuyu.

"Nimepatana na Mama hapo stendi," Bethwel akasema. "Amekuja kukubariki."

"Chamge, Mama Kipkurui," mama mkwe akanisalimu kwa jina la mwanangu.

"Chamge mising, Mama."

Aliketi, akatikisa kibuyu, akamimina. Ikateremka ile mursik nzito yenye rangi ya majivu, harufu yake ikajaa chumbani. Siku nyingine yoyote ningenyoosha mikono miwili.

"Mama, kongoi, asante sana. Nitakunywa nikirudi."

"Ukirudi?" Alinitazama kwa mshangao. "Baraka ni ya kwenda, mtoto wangu. Mtu anaenda kuitwa mkubwa na tumbo tupu?"

"Mama, ni kwa sababu ya kuonja chai, nimeambiwa..."

"Kunywa kidogo tu," Bethwel akanikata. "Mama ametoka Sosiot na giza ndio akuletee hii. Unataka alie?"

Nyinyi mnaosema mngekataa, hamjaolewa kwetu. Mama mkwe amekunyooshea kikombe cha baraka, mume wako anakukazia macho. Ungekataa vipi? Nikanywa. Akaongeza, nikanywa tena. Kisha akachukua funda yeye mwenyewe, akanipulizia kifuani akitaja majina ya watu wao waliotangulia, na matone yakabaki kwenye blausi. Hilo halikunichukiza, ndivyo tunavyobarikiana. Bethwel alisema amina kuliko sisi wote.

Nilisukutua mdomo kwa maji mara sita njiani. Mafuta ya maziwa yalikuwa bado yameshika ulimi.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na watu watatu. Bwana Kipngetich, meneja wa kiwanda. Bi Lenah, afisa wa wafanyakazi. Wa tatu alikuwa mkurugenzi mmoja aliyechaguliwa na wakulima, na yeye alikuwa anakula mandazi. Alipokea diploma yangu kwa vidole vile vile. Alama ya mafuta iko mpaka leo pale kwenye jina langu. Aliigeuza nyuma, akaona hakuna kitu, akaisukuma kando na kuchukua andazi lingine. Miaka miwili yangu!

Lakini maswali niliyajibu. Waliniuliza majani yakikaa kwenye magunia lori likichelewa yanakuwaje, nikawaambia yanapata joto na kuwa mekundu, na nikawaambia kwa saa ngapi, kwa maana nimetia mkono kwenye magunia hayo miaka tisa. Bi Lenah alitikisa kichwa kukubali akiandika.

"Mume wako yuko boila," akasema. "Ukiwa supavaisa, atakuwa chini yako. Akikosea?"

"Nitamwandikia kama mwingine yeyote. Kiwanda si jikoni kwangu."

"Vizuri sana, Edinah."

Nilihisi kazi iko mkononi. Kisha wakaleta vikombe vitano.

Mnajua yaliyofuata. Nilivuta cha kwanza kwa kelele kama nilivyofundishwa, na kilichokuja nyuma ya ulimi kilikuwa kibuyu cha mama mkwe. Nikatema kwenye ndoo. Cha pili, moshi. Cha tatu, moshi. Jasho likaanza. Cha nne, moshi. Cha tano, moshi. Nilirudia vyote, nikijaribu kupenya chini ya makaa yale nipate chai, na chai sikuipata.

"Tunangoja, mama," mkurugenzi akasema na mdomo umejaa.

Sasa hapa nakiri jambo la kwanza. Nilikisia. Nilijua sikuweza kusema vyote vitano vina moshi, kwa hivyo nilichagua kimoja, ili angalau nionekane nimeonja kitu. Mkono wangu ulikuwa karibu na cha nne.

"Cha kwanza na cha pili ni nzuri. Cha tatu imeungua. Kikombe cha nne kina moshi. Cha tano ni nzuri."

Bwana Kipngetich alifuata kwa kalamu kwenye karatasi iliyotoka maabara. "Cha pili ndicho kimeungua. Cha tatu ni safi. Na cha nne ni chai yetu wenyewe, ya usiku wa jana. Hapa imeandikwa safi."

"Nimesikia moshi, bwana meneja."

"Karatasi imesema safi."

Na hakuonja! Kijiko kilikuwa hapo mbele yake. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeinua kijiko. Mkurugenzi alicheka mpaka makombo yakaruka mezani, akasema pengine nirudi kwenye mizani, kule hakuna cha kuonja. Vinny aliingia baada yangu akapata vinne kati ya vitano.

Nilikwenda nyuma ya ghala la kuni, nikatapika mursik yote.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anachambua mboga. Aliponiona alisimama kwa furaha.

"Umeipata?"

"Sijaipata, Mama."

"Haiwezekani! Si ulikunywa vizuri? Bethwel aliniambia ni wewe mwenyewe umetamani ile ya kibuyu changu. Akasema utakataa kidogo kwa haya, nisikubali, nikusukume tu."

Nilikaa chini. Mama huyu hana kosa, mnielewe. Alitumwa na mtoto wake naye akatumika kwa upendo. Sikumuuliza aliambiwa lini, wala wapi. Ningeuliza hilo swali moja, leo ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwaandikia.

Nilingoja mama aende kwa jirani ndipo nikamkabili Bethwel. Alikuwa anakata nyasi za ng'ombe.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Bethwel, ulikuwa jikoni Mzee Owino akisema."

Aliendelea kukata. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nilikupea baraka. Kuna mtu anashtakiwa kwa baraka?"

"Niangalie."

"Unataka nikuangalie aje? Wewe utembee na koti nyeupe na daftari, mimi niko chini nimejaa masizi, unaniambia 'Bethwel, moto umepungua'? Mbele ya vijana? Nitaweka uso wangu wapi?"

"Kwa hivyo ile polishi, na maswali yote yale ya simu..."

"Ulikuwa unafurahi. Nilitaka ufurahi."

Wasomaji, nimeona vitu. Nimeona wakulima wakificha mawe katikati ya magunia. Lakini mtu kukufanyisha mazoezi miezi mitatu, akijua atakuangusha mlangoni, na kusema amina juu yake! Nilimtazama ile mikono inayokata nyasi, nikakumbuka imenishika, na ngozi ikanisisimka kwa kinyaa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwekea chakula kwenye sahani na kuondoka.

Siku kumi na moja zikapita. Nikarudi kwenye mizani, wakulima wakaniita "meneja" kwa utani, nikakaza meno.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, simu ikalia. Bi Lenah. Njoo kiwandani sasa hivi, acha mizani kwa mtu.

Bwana Kipngetich alikuwa amesimama, na hakuwa na ule uso wa 'karatasi imesema'. Mbele yake kulikuwa na barua kutoka mnada wa chai wa Mombasa.

"Kaa, Edinah. Chai tuliyotengeneza usiku wa Alhamisi ile imekataliwa. Yote. Ina moshi."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Wataalamu wameonja wakatema. Kuni mbichi zilitiwa boila usiku ule, na feni ya kukaushia ikavuta moshi mpaka kwenye majani. Maabara yangu haikuona. Vinny hakuona. Ni wewe peke yako uliyesema, mbele yangu, na nikakurudisha nyumbani." Akashusha pumzi. "Kazi ni yako. Nimeongea na wakurugenzi."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache tu: bwana meneja, nilikuwa nimekunywa mursik, nilikisia. Ningeyasema nikaenda zangu na mizani yangu na moyo safi.

Nikasema, "Asante, bwana meneja."

"Kuna kitu kimoja tu. Wakurugenzi wanataka maandishi. Uandike ulichoonja siku ile, na kwa ujuzi wako useme kilisababishwa na nini. Lazima mtu wa boila wa zamu hiyo awajibike, na mimi siwezi kumfukuza mtu kwa barua ya Mombasa peke yake. Nahitaji mtu wa hapa ndani aliyeonja kwa ulimi wake."

Mtu wa boila wa zamu hiyo. Nilimwona Bethwel akitoka na ovaroli yake Alhamisi jioni, baada ya kupiga viatu vyangu polishi. Nikamwona akisema amina.

Nakiri jambo la pili. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaangusha kalamu niliyopewa, na Bi Lenah akadhani ni woga, akaniletea maji. Niliandika Kiswahili kizuri kuliko nilivyoandika katika mtihani wowote. Niliandika kwamba nilionja kikombe cha nne mara mbili na moshi ulikuwa wazi. Niliandika kwamba ni uzembe usioweza kusamehewa, kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuachwa karibu na chai ya wakulima hata siku moja zaidi, na kwamba aondolewe bila kungojwa. Jina sikuandika. Sikutaka ionekane ni mambo ya nyumbani.

Nikatia sahihi. Bi Lenah naye akatia.

"Umeandika kwa nguvu," Bwana Kipngetich alisema akisoma. "Nilidhani ungemwonea huruma, vile mko karibu."

"Kazi ni kazi, bwana meneja."

"Ni kweli. Lakini mzee wa watu amebakisha miezi mitano astaafu."

"Mzee?"

Alivuta rejista ya zamu, akaigeuza upande wangu. Alhamisi, zamu ya usiku, boila. Jina la Bethwel lilikuwa limekatwa kwa mstari. Juu yake kwa kalamu nyingine: Owino.

"Mume wako aliomba ruhusa jioni ile," Bi Lenah akasema. "Alisema anaenda Sosiot kulala huko, amlete mama yake asubuhi. Mzee Owino akakubali kumsimamia. Hukujua?"

Bethwel alitoka na ovaroli akanidanganya mpaka hapo. Usiku ambao alikuwa Sosiot akinitengenezea baraka, mzee wa watu alikuwa peke yake kwenye moto, akibeba zamu ya mume wangu juu ya yake, akitia kuni alizozikuta.

"Bwana meneja, naomba niandike upya."

"Uandike upya nini?"

"Hayo maneno ya... ni makali mno. Niyapunguze."

"Ulionja moshi au hukuonja?"

Nikisema nilionja, mzee amekwisha. Nikisema sikuonja, mimi ni mwongo niliyeweka sahihi mbele ya shahidi, na sirudi hata kwenye mizani. Na bado nafasi ile niliitaka, hapo hapo nikiwa nimekaa. Mnajua hilo ndilo linalonitia kichefuchefu kuliko mandazi ya mkurugenzi na amina ya Bethwel? Niliitaka bado.

"Edinah, nimeuliza."

Mlango ukabishwa. Mzee Owino akaingia, amevua kofia, masizi bado kwenye kope. Aliponiona alisahau kumsalimu meneja.

"Nyathina! Wameniambia huko chini. Supavaisa!" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Si nilikuambia wewe iko na ulimi? Bwana meneja, huyu ni mwanafunzi yangu. Ata kama mimi sina karatasi, huyu ni mwanafunzi yangu."

"Kaa, mzee," Bwana Kipngetich akasema, na akanisukumia ile karatasi. "Edinah, ulichoandika ni kumhusu, na sheria inasema asomewe. Msomee."

Mzee Owino akaketi ukingoni mwa kiti asiuchafue mto. Alikuwa bado anatabasamu, akidhani ni barua yangu ya kazi.

"Soma, nyathina," akasema. "Soma polepole. Boila imemaliza masikio yangu."

Nikaishika karatasi. Nikaanza na tarehe.